Mwimbaji na Mkate Wake



Kuna swali ambalo wazazi huliuliza kwa sauti ya chini baada ya ibada, na vijana wa kwaya huliuliza kwa sauti kubwa wanapokuwa peke yao. Nalo ni hili: Mkristo aliyejaliwa sauti nzuri, au mkono mwepesi wa kupiga gitaa, je, aweza kuifanya karama hiyo kuwa kazi ya kumpatia mkate, akaimba mbele ya watu wa kila namna, naye akabaki mwaminifu kwa ahadi za ubatizo alizozithibitisha siku ya kipaimara? Au hana budi kuchagua moja, jukwaa au Meza ya Bwana?

Wako wanaojibu upesi. Wengine husema, "Muziki ni kazi kama useremala, mwacheni kijana ale." Wengine husema, "Aliyeimba hotelini Jumamosi asisimame na kwaya Jumapili." Majibu yote mawili ni mepesi, na aghalabu hutolewa na watu ambao hawajapata kualikwa kuimba mahali popote. Sisi tuliofundisha muziki miaka mingi katika chuo cha ualimu, tukawaona wanafunzi wetu wakishika njia mbalimbali, hawa bendi, hawa kwaya, na hawa yote mawili, twaona kwamba jambo hili lastahili kutazamwa polepole zaidi.

Kwanza tuondoe yale yasiyo swali. Wazee wetu wanakumbuka siku ambazo ngoma ilikatazwa kanisani kwa kuwa iliitwa chombo cha kipagani, na gitaa likatiliwa shaka kwa kuwa lilitoka kilabuni. Leo ngoma na gitaa viko mbele ya waumini na hakuna anayeshtuka. Kama ngoma yenyewe ingalikuwa dhambi jana, isingaliweza kuwa sifa kwa Mungu leo. Basi dhambi haimo katika ngozi ya ngoma wala katika nyuzi za gitaa.

Wala haimo katika mahali peke yake. Bwana wetu alialikwa arusini Kana, palipokuwa na divai, akaenda. Alialikwa mezani kwa watoza ushuru, akaenda. Na wenye haki wa siku zile walimnung'unikia kwa ajili hiyo. Lakini tusiligeuze jambo hili kuwa kisingizio. Yeye alipoingia katika nyumba zile, watu wa mle ndio waliobadilika. Yatupasa kila mmoja ajiulize kwa unyofu kama akiingia yeye, mambo huwa hivyo hivyo, au huwa kinyume chake.

Ili tusiseme kwa kubahatisha, na tumtazame mtu mmoja ambaye maisha yake yanajulikana. Mahalia Jackson alizaliwa New Orleans, kusini mwa Marekani, mwaka 1911. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, akalelewa na dada ya mama yake, mama mkali mwenye kushika dini. Hata hivyo mtoto huyu alisikia santuri za Bessie Smith, mwimbaji mashuhuri wa nyimbo za kidunia ziitwazo bluzi, akazipenda, na alipokuwa mtu mzima hakulificha jambo hilo. Akiwa kijana alihamia Chicago. Huko alifua nguo za watu na kufanya kazi za usafi hotelini, na Jumapili aliimba katika kwaya ya kanisa la Kibaptisti.

Si kila kanisa lilimpokea. Aliimba kwa mwili mzima, akipiga makofi na kuyumba, na wako wachungaji waliomkemea wakisema kwamba ameleta ukumbi wa dansi nyumbani mwa Mungu. Mwenzake katika kazi hiyo, Thomas A. Dorsey, alikuwa zamani mpiga kinanda wa bluzi, na nyimbo zake nyingine za siku zile zilikuwa za utani usiofaa kuimbwa mbele ya watoto. Mwaka 1932 Dorsey alifiwa na mkewe katika uzazi, na mtoto akafa pia. Kutoka katika msiba huo ukazaliwa wimbo wake wa kumwomba Bwana amshike mkono, ambao leo huimbwa duniani kote. Alizileta sauti za bluzi kanisani, akazitia maneno ya Injili. Makanisa mengi yalimfungia mlango kwanza, kisha yakamfungulia.

Sasa Mahalia alipoanza kujulikana, wenye bendi na wenye vilabu vya usiku walimfuata. Sauti kama ile katika nyimbo za bluzi ingemletea fedha nyingi upesi. Akakataa. Hakuimba bluzi, wala hakuimba katika vilabu ambamo watu hunywa pombe wakati mwimbaji akiimba. Msimamo huo alikuwa nao hata katika siku ambazo bado alikuwa maskini. Mwaka 1947 alirekodi wimbo wa Injili uliouzwa nchi nzima, na mwaka 1950 aliimba katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York, mahali ambapo waimbaji wa namna yake hawakuzoea kuitwa. Tarehe 28 Agosti 1963 aliimba mbele ya umati mkubwa mjini Washington, siku ile Martin Luther King alipotoa hotuba yake mashuhuri. Na mwaka 1968 aliimba ule wimbo wa Dorsey katika mazishi ya King. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1972.

Twapenda wasomaji waangalie mambo matatu katika habari hii, maana mara nyingi husimuliwa kana kwamba ni hadithi ya mtu aliyekataa tu.

La kwanza ni kwamba mpaka wake ulikuwa wake mwenyewe, naye aliujua. Mwaka 1957, na tena mwaka 1958, aliimba katika tamasha la muziki wa jazi huko Newport, na mwaka huo wa 1958 alirekodi pamoja na Duke Ellington, bwana mkubwa wa jazi. Wako Wakristo waliosema kwamba hapo amevuka. Yeye aliona kwamba kuimba habari za Mungu mchana au usiku mbele ya watu waliokuja kusikiliza muziki si sawa na kuimba ili meza za pombe zisitoke watu. Twaweza kukubaliana naye au tusikubaliane. Lakini hatuwezi kusema kwamba hakuwa na mpaka, wala kwamba aliusogeza kila ilipotajwa fedha kubwa zaidi.

Hapa tukumbuke kazi ya mwimbaji katika baa ni nini. Mwenye baa hamlipi kwa sababu anapenda muziki. Anamlipa ili wateja wakae na kuendelea kununua. Mtu anayekunywa fedha ya ada ya shule ya mtoto wake hufanya hivyo huku mtu akimwimbia. Hii ndiyo sababu iliyo nzito zaidi, kuliko zile habari za mdundo na mavazi zinazotupotezea muda katika vikao. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu hakubishana sana kuhusu nyama. Aliuliza habari za ndugu dhaifu aketiye karibu. Mwimbaji naye amwangalie yule aketiye meza ya pembeni.

La pili ni kwamba hakuona aibu kulipwa. Inajulikana sana kwamba Mahalia alidai malipo yake taslimu kabla hajapanda jukwaani, kwa kuwa alikwisha kudhulumiwa, na makanisa pia yalikuwa miongoni mwa mahali alipoimba. Hakuona kwamba utakatifu ni kuimba bure. Mtenda kazi astahili ujira wake, na mwimbaji ni mtenda kazi. Hujifunza, hujizoeza, husafiri, hukesha, na koo lake huchoka kama mgongo wa mkulima.

La tatu, ambalo husahauliwa zaidi, ni kwamba alikuwa na mkate mwingine. Kabla ya nyimbo kumtajirisha, Mahalia alifungua saluni ya kutengeneza nywele mjini Chicago, na baadaye duka la maua. Mtu mwenye saluni aweza kumwambia mwenye kilabu, "Hapana, asante," kisha akaenda kulala na watoto wa jirani wakapata soda dukani kwake kesho. Mtu asiye na kitu husema "hapana" leo, husema "labda" wiki ijayo, na mwezi ukiisha kodi ya nyumba humwambia aseme "ndiyo". Hatusemi kwamba maskini hawezi kuwa mwaminifu, la hasha. Twasema kwamba uaminifu huhitaji mahali pa kukanyaga, na mtu mwenye busara hujitengenezea mahali hapo mapema.

Kinyume cha habari hii ni ile ya kijana Sam Cooke, mtoto wa mchungaji, aliyekuwa mwimbaji mpendwa wa kikundi cha Injili kiitwacho Soul Stirrers. Mwaka 1956 alirekodi wimbo wa mapenzi uliotokana na wimbo wa Injili, nao ukatolewa kwa jina jingine, Dale Cook, ili wapenzi wa nyimbo za kanisa wasimtambue. Lakini sauti haibadiliki kwa kubadili jina. Walimtambua, na mwaka uliofuata akatoka waziwazi kwa jina lake. Hatumhukumu kwa kuimba mapenzi, kwa maana Mungu ndiye aliyeumba mapenzi. Twatazama lile jina tu. Siku mtu anapoona haja ya kujificha asijulikane na watu wa kanisani kwake, dhamiri yake imekwisha kumjibu kabla hajatuuliza sisi.

Wala tusidhani kwamba kuimba nyimbo za Injili peke yake ni kinga. Leo mwimbaji wa Injili naye ana jukwaa, ana taa, ana mabango yenye picha yake, ana mkataba, na ana watu wa kumsifu. Aweza kulitaja jina la Yesu mara hamsini katika wimbo mmoja naye akiwaza hesabu ya mlangoni. Na kwa upande mwingine, yuko aliyeimba katika kumbi za dansi akasema maneno ya kweli. Marehemu Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu huko Kongo mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978, aliimba miaka mingi na bendi ya Super Matimila habari za mnyonge, za yatima, na za kifo kisichobagua. Wimbo wake juu ya ukimwi uliwaudhi watu wengi, lakini ulisema wazi jambo ambalo wengi wetu tuliogopa kulisema. Katika miaka ya mwisho aliuacha muziki wa dansi akaimba Injili, hata alipofariki tarehe 13 Desemba 2010. Tukifurahia kwamba alirudi, tusiseme kwamba yote aliyoyaimba nyuma yalikuwa takataka. Mungu hupokea ushuhuda mahali ambapo sisi hatukuweka mimbari.

Mpaka hapa tumesema na mwimbaji. Sasa hatuna budi kusema na sisi wenyewe tuketio vitini, kwa kuwa hapa ndipo jambo lilipo gumu.

Bara letu la Afrika lina jibu la zamani sana. Katika karne ya tatu Askofu Sipriani wa Karthago, mji uliokuwa karibu na Tunis ya leo, aliulizwa na askofu mwenzake Eucratius juu ya mtu mmoja aliyekuwa mchezaji wa michezo ya kuigiza, akawa Mkristo. Michezo ya siku hizo ilishikamana na miungu na mambo ya aibu. Mtu huyu alikuwa bado anawafundisha vijana sanaa ile ile. Je, akae katika ushirika wa kanisa? Sipriani alijibu kwa ukali kwamba haiwezekani. Asiyeruhusiwa kuicheza hawezi kuruhusiwa kuifundisha.

Lakini barua haikuishia hapo. Sipriani aliendelea kusema kwamba kama mtu huyo anajitetea kwa umaskini, na apewe posho pamoja na wengine wanaolishwa na kanisa, maadam aridhike na chakula cha kawaida. Alionya kwamba huo si mshahara wa kumnunua mtu aache dhambi. Kisha akaongeza jambo kubwa: kama kanisa la huko halina uwezo wa kumlisha, basi na aje Karthago, nao watampa chakula na mavazi. Askofu huyu alifia imani mwaka 258. Alipodai kiwango, alifungua na ghala.

Wapendwa, sisi tumeishika nusu ya kwanza ya barua hiyo, nusu ya pili tumeiacha. Tazameni maisha ya mwimbaji wetu wa kawaida. Anaitwa kuimba katika arusi mbili za Jumamosi moja, katika msiba wa katikati ya wiki, katika ibada ya kuwekwa wakfu, na katika siku ya kuchangia paa la kanisa. Sare ya kwaya hununua mwenyewe. Mwalimu wa kwaya huacha shamba au duka lake siku tatu kila juma. Kwaya ikirekodi nyimbo, mapato huenda katika ujenzi. Mwisho wa yote wanapewa soda, na kuambiwa kwamba Mungu atawalipa. Ni kweli, Mungu atawalipa. Lakini mwenye nyumba wanayopanga hakubali kungoja hata siku hiyo.

Kisha hoteli inamwita kijana huyo aimbe siku za mwisho wa juma kwa fedha ambazo hajapata kuziona. Ndipo kikao kinaitishwa. Ndipo tunakumbuka kwamba mwili wake ni hekalu na sauti yake ni ya Mungu. Jina lake linaondolewa katika orodha ya kwaya, na pengine anazuiliwa Meza ya Bwana. Wakati huo huo yule aliyeijenga baa, au aliyeipangisha nyumba yake iwe baa, ameketi kiti cha mbele kwa sababu alitoa mifuko ya saruji. Kiwango kinachomshika mwimbaji na kumwachia mwenye baa hakitoki katika Injili. Ni uonevu uliovaa kanzu.

Wako watakaosema kwamba kanisa ni maskini na haliwezi kumlipa kila mwenye karama. Ni kweli, wala si kila mwimbaji wa kwaya ahitaji mshahara. Wengi wetu twaimba kwa furaha na tuna kazi zetu, nasi twamtolea Bwana bure. Twasema habari za wachache ambao tunawatumia kama wafanyakazi na kuwalipa kama wageni. Kwa hao, Halmashauri ya Kanisa yaweza kufanya mambo ambayo hayahitaji utajiri. Yaweza kumpa mwalimu wa kwaya posho ya kila mwezi iliyo wazi katika hesabu, hata kama ni ndogo. Yaweza kukubaliana tangu mwanzo kwamba sehemu fulani ya mapato ya nyimbo zilizorekodiwa ni ya waimbaji. Yaweza kuwaagiza wenye arusi wawalipe waimbaji kama wanavyomlipa mpishi na mpambaji. Na Umoja wa Akina Mama, ambao hujua kushona na kupika na kuuza, waweza kumsaidia binti mwenye sauti nzuri apate kazi ya mikono, ili naye awe na saluni yake kama Mahalia.

Kwa vijana wenyewe twatoa mashauri machache ya mwalimu mzee. Weka mpaka wako kabla mwaliko haujafika. Danieli alikata shauri moyoni juu ya chakula cha mfalme mapema, asingoje hata apate njaa. Uandike mpaka huo, umwonyeshe kasisi wako na mtu mwingine mmoja anayekupenda, ili usiweze kuusogeza usiku bila mtu kujua. Usiimbe mahali ambapo ungetaka jina lako lisiandikwe. Jifunze kazi ya pili, wala usiidharau. Na ukilazimika kukataa mwaliko, kataa kwa adabu, bila kuwahukumu wenzako waliokubali. Maana dhamiri yako ulipewa ikuongoze wewe.

Na kama yuko aliyekwenda, akaimba huko, naye sasa anakaa nyumbani Jumapili kwa sababu anaogopa macho yetu, basi mmoja wetu amtembelee juma hili. Asiende na barua ya kikao. Aende amwulize amekula nini, anaishije, na kama bado anaimba zile sauti za pili alizokuwa akiziimba vizuri. Kiwango cha imani hujulikana kwa kile ambacho mtu yuko tayari kukikosa. Mwimbaji tumemwambia akose fedha ya hoteli. Sisi tulio waumini wenzake bado hatujasema tuko tayari kukosa nini kwa ajili yake, na Bwana, aliyetupa sauti zile kama sadaka, atatuuliza.